Kyala, mvua na ng'ombe: Ifahamu imani ya jadi ya Wanyakyusa kuhusu viumbe na mazingira

Na Mwandishi Wetu

KILA Jumapili jina la Kyala husikika katika makanisa ya Kyela mjini, Ipinda na Matema. Wanaolitamka humaanisha Mwenyezi Mungu, muumba wa mbingu na nchi, na ndivyo lilivyoandikwa katika Biblia ya Kinyakyusa.

Wachache hukumbuka kwamba kabla ya Injili kufika, jina hilo lilikuwa na makao yake hapa hapa duniani. Palikuwa na kijisitu chenye pango karibu na ufukwe wa Ziwa Nyasa, upande wa Mto Lufilyo, palipoitwa Palikyala, yaani mahali alipo Kyala. Hapo watu walikwenda kuomba mvua na uzima, na miti yake haikuguswa.

Jina limebaki, lakini maarifa yaliyoambatana na kijisitu yanazidi kusahaulika. Makala haya yanaeleza jinsi wazee wa Unyakyusa walivyowatazama wanyama, miti na maji kwa jicho la dini yao, ambayo kwa muda mrefu imeitwa upagani.

Neno lenyewe

Neno mpagani lina asili ya Kilatini, 'paganus', ambalo awali lilimaanisha mtu wa shamba au mwanakijiji. Wakristo wa Dola ya Roma walilitumia kwa wale walioendelea kuabudu miungu ya zamani.

Wamisionari wa Kijerumani wa madhehebu ya Moravian na wale wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Neno hilo, au jingine lenye maana kama hiyo, lilitumika kwa kila ambaye hakuwa amebatizwa.

Walichokikuta hakikuwa utupu. Mwaka 1879 mpelelezi Joseph Thomson alipita katika nchi hiyo akastaajabia migomba yake, nyumba safi na ng'ombe walionawiri. Wenyeji walikuwa na maelezo ya kina kuhusu chanzo cha neema hiyo, na pia kuhusu yale yanayoweza kuiondoa.

Maelezo hayo yanafahamika zaidi kutokana na kazi ya Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kwa vipindi kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica, aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alichapisha vitabu kadhaa, kikiwamo kile cha mwaka 1959 kinachohusu ibada za jumuiya.

Lwembe wa Lubaga

Kwa mujibu wa masimulizi ya kale, Kyala na Lwembe walikuwa miongoni mwa mashujaa walioshuka kutoka Ukinga, katika Milima ya Livingstone, wakateremka mabondeni. Kyala alihusishwa na ufukwe wa ziwa. Makao ya Lwembe yalikuwa Lubaga, huko Selya, katika nyanda zilizo juu ya Kyela.

Lwembe hakuwa jina la marehemu pekee. Alikuwapo Lwembe aliye hai, mrithi wa cheo hicho, ambaye mwili wake uliaminika kubeba rutuba ya nchi nzima. Akiwa mzima, mvua ilinyesha, ng'ombe walizaa na mazao yalistawi. Akiugua, nchi nayo iliugua.

Ndiyo maana hakuachwa afe kwa ugonjwa. Dalili za kudhoofika zilipoonekana, makuhani walimziba pumzi. Kabla hajakata roho nywele na kucha zake ziling'olewa zikafukiwa matopeni, ili chakula kisiondoke nchini.

Desturi hiyo inatisha, na si lengo la makala haya kuisifu. Lakini inaonyesha uzito wa wazo lililokuwa nyuma yake: kwamba mwili wa mwanadamu, ardhi, mvua na mnyama ni kitu kimoja, na anayetawala hudaiwa uhai wake na nchi anayoila.

Makuhani wa Ukinga nao walishuka milimani kushiriki ibada za Lubaga. Kwa njia hiyo wafua chuma wa milimani na wakulima wa bondeni waliunganishwa na madhabahu moja, ingawa lugha zao zilikuwa tofauti.

Kijisitu na wafu

Mbali na Lubaga na Palikyala, kila himaya ndogo ilikuwa na vijisitu vyake. Vilikuwa ni makaburi ya machifu. Chifu alipozikwa, miti iliyomzunguka iliachwa ikue, na baada ya vizazi kadhaa pakawa msitu.

Waliolala humo waliitwa abasyuka, yaani wafu wa ukoo. Hawakuwa mbali. Waliaminika kukaa chini ya ardhi ile ile inayolimwa, wakiwa na uwezo wa kuzuia mvua au kuifungulia.

Kukata mti wa kijisitu kulikuwa sawa na kubomoa nyumba ya mzee wako. Hakuna aliyehitaji kuwekewa bango la onyo.

Mvua ikichelewa, makuhani walikwenda kijisituni na ng'ombe wa kuchinja. Jambo la kwanza, hata hivyo, halikuwa nyama. Lilikuwa kusema. Kila mwenye kinyongo alitakiwa kukitoa wazi: ugomvi wa mpaka, dharau, urithi uliogawanywa vibaya. Kisha aliyeomba alipuliza maji kutoka kinywani, ishara kwamba hasira imetoka.

Iliaminika kuwa hasira iliyofichwa moyoni ndiyo inayofunga mbingu. Kwa hiyo ukame ulichunguzwa kwanza katika mioyo ya watu na baadaye katika mawingu.

Hayo yalifanyika katika nchi inayojulikana kwa mvua. Nyanda za Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mafuriko huko si habari ngeni. Hata hivyo wazee hawakuichukulia mvua kama mali yao. Waliiona kuwa zawadi inayoweza kukatizwa.

Ng'ombe ndani ya nyumba

Mnyama aliyekuwa karibu zaidi na Mnyakyusa ni ng'ombe. Zamani alilala ndani ya nyumba pamoja na wenye mji, na samadi yake ikarutubisha migomba iliyozunguka makazi.

Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwa wazazi wao wakaanzisha kijiji cha rika lao, desturi iliyowafanya Wanyakyusa wajulikane kwa wasomi duniani kote. Kabla na baada ya kuhama, kazi yao kuu ilikuwa kuchunga. Mtoto alimjua kila ng'ombe kwa rangi, tabia na uzao.

Ng'ombe alifunga ndoa kwa kuwa mahari, na alimsindikiza marehemu kwa kuchinjwa msibani. Hakuuawa ovyo. Nyama yake ilikuwa na wenyewe, walio hai na walio chini ya ardhi.

Chatu tumboni

Si kila mnyama alipendwa. Chatu alikuwa na nafasi ya pekee na ya kutisha. Iliaminika kwamba mchawi ana chatu tumboni, naye hutamani nyama na maziwa ya wenzake. Lakini walinzi wa kijiji nao walidhaniwa kuwa na nguvu hiyo hiyo, wakiitumia usiku kuwazuia wachawi.

Nguvu moja, matumizi mawili. Kwa fikra hiyo, kiumbe hakuwa mwema wala mwovu kwa asili yake.

Imani hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Watu walituhumiwa, wakanyweshwa umwafi, ile dawa ya kiapo, na wengine wakafukuzwa vijijini. Anayetaka kuirudisha mila yote kama ilivyokuwa hana budi kulikumbuka hilo.

Funzo la kipunji

Je, masimulizi ya jadi kuhusu wanyama yana thamani gani kwa sayansi? Jibu moja limetoka Mlima Rungwe, unaoonekana kutoka nyanda za Kyela.

Watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa huko walisikia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Kwa kuwa hadithi za Wanyakyusa huchanganya wanyama halisi na wa kiroho, haikuwa rahisi kujua huyu ni wa kundi gani.

Mwaka 2003 kima huyo alionekana. Alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Wasomi walimwita mpya. Wazee walikuwa na jina lake siku zote. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Kutoka kiapo hadi kifungu cha sheria

Leo ulinzi wa mazingira umekabidhiwa kwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa.

Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inayomimina maji yake katika pwani hiyo ya kaskazini, ndiyo njia ya samaki aina ya mbasa anayepanda kwenda kutaga mayai wakati wa mvua. Kingo zikilimwa hadi majini na midomo ya mito ikifungwa kwa nyavu, mbasa hana pa kupita. Tayari samaki huyo amewekwa na wanasayansi miongoni mwa walio hatarini.

Sheria ina mita zake, lakini haina mzee aliyezikwa kwenye ukingo wa mto. Mtu anaweza kukata mti usiku, asionwe na ofisa yeyote. Mababu zake waliamini kwamba usiku huo huo kuna anayeona.

Nchi jirani ya Kenya imeonyesha kuwa mambo haya mawili yanaweza kukutana. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, ikiwa bado chini ya wazee wake. Hata Ulaya wapo wanaorejea dini za kale: Iceland iliitambua rasmi jumuiya yao mwaka 1973.

Kwa Kyela na jirani zake, mlango uko wazi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Kijisitu cha machifu, hata kikiwa na miti michache, kinaweza kuandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kabla hakijageuzwa shamba la kokoa.

Kufanya hivyo hakumlazimishi Mkristo wala Mwislamu kuabudu mti. Kunamtaka tu amuulize bibi au babu yake aliye hai jina la mahali, jina la aliyelala hapo na sababu ya miti ile kuachwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.