Ziara, Tongo na Mzimu: Maneno Matatu Yahusuyo Mahali pa Wafu katika Mara ya Kusini

Neno ziara, lilipotoka katika Kiarabu na kuingia katika Kiswahili, halikuwa na maana ya matembezi ya kujifurahisha. Kuzuru kulikuwa hasa kuliendea kaburi la mtu mwema aliyetumainiwa baraka zake, na katika miji ya pwani kaburi la namna hiyo lenyewe huitwa ziara. Kutalii ni neno la ukoo mwingine: asili yake ni kutazama kwa uangalifu, kupeleleza, kusoma. Siku hizi maneno haya mawili yamekaribiana mno, hata waziri hufanya ziara kiwandani na hakuna anayeshangaa. Lakini tofauti yao ya kale yafaa kukumbukwa tunapoiangalia desturi inayozidi kuenea duniani, ya watu kusafiri mbali ili wakaone mahali pa mauti na pa kutisha.

Desturi hiyo si mpya. Katika Paris mifupa ya makaburi ya mji ilianza kuhamishwa mwaka 1786 na kupangwa katika mashimo ya kale yaliyochimbwa mawe chini ya ardhi; wageni wakaruhusiwa kuyatazama tangu 1809, na hata leo hupanga mistari mirefu mlangoni. Hapo, angalau, wafu wapo. Katika ngome ya Bran, nchini Romania, mambo ni kinyume. Watu huiendea kwa sababu ya riwaya ya Bram Stoker iliyochapwa mwaka 1897, ilhali mwandishi huyo hakufika Romania maisha yake yote, na mtawala Vlad, ambaye jina lake lilitumiwa katika riwaya, hakuwa na uhusiano wa maana na ngome ile. Hofu imeletwa na wageni, kisha wageni wakaja kuitafuta.

Karibu na kwetu uko mji wa Gedi, kaskazini ya Mombasa, ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, naye, ingawa alikuwa mtu wa vipimo na vigae, aliandika kwamba mwanzoni alijihisi kama anayetazamwa kutoka nyuma ya kuta. Maneno hayo machache yamerudiwa mara nyingi kuliko yote aliyoyasema juu ya vyombo vya udongo na juu ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Ni hasara, kwa maana kaburi lile latuambia jambo, na kule kutazamwa hakutuambii kitu.

Sasa tuje Mara. Msafiri atokaye Musoma kwenda Butiama huonyeshwa kwanza Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tarehe 23 Oktoba 1999, baada ya kufariki London tarehe 14 ya mwezi huo. Makaburi ya wazazi wake yako papo hapo. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alifariki mwaka 1942. Wasomaji wa jarida hili watalipenda jina la mahali penyewe. Mwitongo, kwa Kizanaki, ni penye makazi yaliyoachwa. Na kwa umbo lake ni itongo lililotanguliwa na kiambishi cha mahali, sawa na mu- ya Kiswahili katika mwangu na humu. Itongo lipo katika Kinyarwanda pia kwa maana hiyohiyo. Katika Kiswahili neno tongo limo, jamaa yake hame na ganjo, ingawa wengi waisikiapo sauti hiyo hukumbuka uchafu wa jicho tu. Ni neno linalostahili kufufuliwa, kwa sababu gofu ni jengo lililobomoka, bali tongo ni ardhi iliyokaliwa, hata kama halikusalia jiwe juu ya jiwe.

Jirani na Mwitongo uko msitu mdogo wa Muhunda. Miti yake haikatwi ovyo, kwa kuwa Wazanaki wauhesabu kuwa ni makao ya Muhunda, ambaye husemekana kuonekana katika umbo la mnyama. Katika lugha za Mara ya Kusini kiumbe wa namna hiyo huitwa erisambwa, na wengi ni emisambwa. Tazama umbo: umoja umo katika ngeli ya eri-, lakini wingi hauwi ama- kama tungalivyotazamia, bali ni emi-. Katika Kiganda neno hilohilo ni omusambwa, emisambwa, ngeli ya miti. Na mzimu wa Kiswahili, mizimu, umo katika ngeli hiyo, wala si katika ngeli ya watu. Tena, katika Kiswahili cha zamani mzimu si roho tu, bali ni mahali pa kutambikia. Ndiyo maana Dar es Salaam ina mtaa uitwao Mzimuni. Lugha hizi, basi, hazikumtenga mfu na mahali pake. Jina Kambarage nalo ni la mzimu wa mvua.

Vitabu vya wageni hulifasiri neno erisambwa kuwa ni kama mzuka au jini. Kosa hili si dogo. Mzuka ni kitu kizukacho ghafula na kutisha, hakina ukoo wala mipaka. Jini limekuja na dini. Erisambwa ana watu wake, na watu hao wana wajibu kwake: kwenda mahali pale kwa nyakati zake na kutambika. Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya nchi hii kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mara nyingi mahali pa emisambwa ni matongo ya makazi ya kale, na kwa hiyo mtu azijuaye njia za matambiko huwa amezijua njia za wahenga wake. Waikizu, katika wilaya ya Bunda, husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye nguvu ya mvua aliyetoka Kanadi katika Usukuma, akakutana na Isamongo mwindaji, mwenye moto. Habari hiyo haisimuliwi hewani. Husimuliwa kilima kwa kilima na pango kwa pango.

Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa. Baadhi ya mahali pa emisambwa pa Waikoma, Wanata na majirani zao pakawa ndani ya mpaka, na wenyewe wakawa nje. Mgeni alipaye kiingilio hupita karibu na tongo pasipo kulijua, naye huambiwa kwamba nchi ile haijapata kukaliwa. Mtu anayeuita mwamba wa erisambwa pango la mashetani amewasaidia wasemao hivyo, ajapokuwa hakukusudia. Kwa maana shetani aweza kukaa popote, hata pasipokuwa na mtu, lakini erisambwa hakai mahali ambapo hapakuwa na wazee.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba hofu ni uongo wa watalii. Hofu ipo, na wenyeji wanayo. Ndiyo iliyouhifadhi msitu wa Muhunda, na kuwazuia watoto kuchezea makaburi. Ila ni hofu ya adabu, kama ile ya mkwe mbele ya mama mkwe wake.

Kazi iliyobaki ni ya wanalugha kadiri ilivyo ya wanahistoria. Mwaka 2003 Shetler alichapisha historia zilizoandikwa kwa Kiswahili na wenyeji wa Mara ya Kusini wenyewe, na miongoni mwake imo ya Ikizu na Sizaki, kazi ya P. M. Mturi na S. Sasora. Humo majina ya mahali ni mengi. Yangepangwa kwa viambishi vyake, yale ya mu-, ya ku- na ya ha-, tungeweza kuyatenga majina ya matongo na majina ya mito na vilima, na kuyafuata katika ramani hadi ndani ya mpaka wa 1951.