Mlango wa kongre ya muziki: toka mwaliko wa mfalme mpaka rezime ya maneno 300

Wazee wa Likasi wanatambua «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco mara tu gita inapoanza, mbele hata mwimbaji afungue kinywa. Lakini wachache wanajua kama wimbo ule ulisomwa na wanasayansi wa muziki mbele wengi kati ya wazazi wetu wazaliwe. Leo naandika juu ya mikutano ya hao wanasayansi: nani alikuwa anaingia, kwa mlango gani, na juu ya nini mambo hayo yanatuhusu sisi wenye lisansi, hata wale waliosoma udongo na mihogo kama mimi.

Tuanzie Cairo, 1932. Mfalme Fuad I aliita kongre kubwa ya muziki wa Waarabu. Toka Ulaya walikuja Béla Bartók, Paul Hindemith, Curt Sachs na Erich von Hornbostel. Toka Irak, Tunisia, Algeria, Maroko na Misri yenyewe walikuja wapigaji na waimbaji. Walibishana kama oktava igawanywe mu sehemu 24 sawasawa, na kama piano ina nafasi mu muziki wao. Nyimbo zilirekodiwa palepale. Jambo la kushika: mwenye kupiga na mwenye kuandika walikuwa mahali pamoja. Lakini mlango ulikuwa mmoja tu, mwaliko. Asiyejulikana na wakubwa alibaki nje.

Kisha vita ya pili kuisha, mlango ulianza kubadilika. Mwaka 1947, mjini London, lilizaliwa shirika la kimataifa la muziki wa kienyeji. Rais wake wa kwanza alikuwa Ralph Vaughan Williams, na kazi ya kila siku ilishikwa na Maud Karpeles. Mwaka 1955, Wamarekani nao walianzisha shirika lao la etnomizikolojia. Sasa haikuwa tena paka mwaliko: mtu anakuwa memba, analipa, anatuma mada yake, komite inasoma.

Sasa tuangalie Kongo ilikuwa wapi. Kumbe ilikuwa katikati kabisa, lakini kama shamba, si kama mkulima. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, leo Likasi, akarekodi kijana Mwenda. Mwaka 1961 na 1962, mu gazeti la sayansi «African Music», David Rycroft alichapisha uchunguzi mrefu wa gita ya Mwenda, ameiandika kwa nota. Naye Alan Merriam, mmoja wa waanzilishi wa lile shirika la Marekani, aliishi kwa Wasongye wa Kasai mwaka 1959 na 1960. Aliandika kama watu wa kijiji waliwadharau wanamuziki, wakiwaita wavivu na watu wa madeni, lakini hakuna aliyekubali kijiji kibaki bila wao. Kitabu chake cha 1964, «The Anthropology of Music», kilisomwa mu iniversite nyingi za dunia.

Je, nani toka Kasai ao Katanga angesimama mu sala ya kongre na kusema: hapa umeona vizuri, hapa hukusikia neno sawasawa? Tusilaumu wazee wetu. Tuhesabu miaka. Lovanium ilifunguliwa 1954, iniversite ya Elisabethville 1956. Shirika la Marekani lilipozaliwa 1955, Lubumbashi ya leo haikuwa hata na iniversite. Njo sababu Mwenda aliitwa Newport, Marekani, mwaka 1969 kwa kupiga gita. Kueleza gita ilikuwa kazi ya wengine.

Lakini historia haikusimama pale. Kazadi wa Mukuna, mtoto wa nchi, alifika kuwa profesa wa etnomizikolojia Marekani, na aliandika juu ya mchango wa Wabantu mu muziki wa Brazili. Lile shirika la 1947 lilifanya mkutano wake Ghana mwaka 1966, likarudi tena Legon mwaka 2023.

Na leo mlango ukoje? Mu mikutano mingi ni karatasi moja: rezime ya maneno karibu 300. Mara nyingi wasomaji hawaoni jina lako wala iniversite yako, wanaona paka wazo. Tofauti na Cairo ni kubwa: hakuna haja ya kujulikana na mfalme. Rezime inataka vitu vinne: ulizo gani unajiuliza, ulikusanya wapi na kwa nani, ulifanya namna gani, ulipata nini. Sisi wa agronomia tunajua kazi hiyo. Mbegu bila etiketi ya mahali, siku na jina la mkulima haina maana mu labo. Wimbo ni vilevile.

Komite ikikubali, njo kazi ya pili inaanza: kujiandikisha. Angalia tarehe, sababu anayelipa mapema analipa kidogo, na wanafunzi mara nyingi wana bei yao. Mashirika mengine yanataka uwe memba kwanza. Omba barua ya mwaliko siku ileile unakubaliwa, juu ya viza inakula miezi. Tusidanganyane: hapo njo mlango bado mzito. Wazo linapita bila jina, lakini mwili unasimamishwa na paspoti na dola. Mikutano mingine inaruhusu kusema kwa intaneti. Uliza mbele ya kukata tamaa.

Juu ya nini haraka? Sababu wazee waliopiga gita mu kambi za Union Minière wanapungua kila mwaka. Nyimbo zao ni za Kiswahili chetu, na maneno mengine mtu wa mbali hawezi kuyasikia hata akiwa na mashine nzuri. Mwenda hakuulizwa kueleza muziki wake mu kongre. Mjukuu wa mtaa wake leo anaweza kutuma maneno 300. Asipoyatuma, mwengine atayatuma, na tutasoma mambo yetu mu vitabu vya watu mara ya pili.