Kitulizi, si Kifyonza Mshtuko

Neno “kifyonza mshtuko” limezoeleka katika maandishi ya ufundi wa magari kiasi kwamba anayelipinga huonekana mkorofi. Iwe hivyo. Istilahi inayokipa kifaa kimoja sifa ya kazi inayofanywa na kifaa kingine haistahili heshima kwa sababu tu ilipitishwa na kikao, na hii ni ya namna hiyo. Kifaa chenyewe kila mtu anakijua, na mafundi wa Sumbawanga, kama wenzao wa nchi nzima, hukiita shokapu: bomba lenye mafuta na pistoni yenye matundu madogo, lililosimama kando ya springi au ndani yake. Gurudumu likipanda jiwe, springi ndiyo inayobonyea na kuupokea mshtuko. Ikishaupokea haiwezi kukaa nao, inaurudisha, na gari lingeendelea kunesa juu na chini kama mafuta yasingelazimishwa kupenya yale matundu, mwendo ukageuka joto. Mwaga mafuta yote ya shokapu, gari litabaki kwenye kimo chake ila litadundadunda. Vunja springi, gari litalala upande. Ni nani basi aliyekuwa ameubeba mshtuko?

Asiyeridhika na jaribio hilo na aitazame barabara inayoteremka kutoka uwanda wa Ufipa, uliko mji wa Sumbawanga kwenye mita zipatazo 1,800 juu ya bahari, ikaushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, mita karibu 1,000 chini yake, kuelekea Muze na Ilemba. Fuso linaloteremka tupu kufuata mpunga hukutana na mawe yaleyale litakayokutana nayo likipanda na shehena. Lakini likiwa tupu, springi zilizoundwa kwa ajili ya mzigo ni ngumu mno kwake, na ekseli ya nyuma hurukaruka. Likiwa limejaa, springi zimebonyea sana, nguvu iliyojificha ndani yake ni kubwa, na kazi ya shokapu ni kuizuia isirudi kwa kishindo. Jiwe ni lilelile, kilichobadilika ni marudio ya springi. Na safari ikiwa ndefu kwenye makunyanzi, mafuta huchemka na kufanya povu, shokapu “inakufa” njiani, ilhali springi bado inapokea kila jiwe bila kulalamika.

Ushahidi mzito zaidi unatoka mahali pasipo na jiwe hata moja. Katika viwanja vya mbio za magari lami ni laini, na bado mafundi wa timu hushinda wakikaza na kulegeza shokapu kidogo kidogo, wakati wa kubonyea peke yake na wakati wa kurudi peke yake. Wanafyonza mshtuko gani? Hakuna. Wanautuliza uzito wa gari unapoinamia mbele dereva akikanyaga breki, na unapolalia upande kwenye kona, ili tairi lisiachie ardhi. Juu ya theluji hali ni hiyohiyo kwa kinyume chake: huko hulegezwa, ili uzito uhame polepole na tairi lipate kung'ata. Chukua mfano wa Björn Waldegård, Mswidi aliyeshinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1969 na 1970 kwa Porsche 911, kisha akaja kushinda Safari Rally mara 4, mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990. Mashindano ya kwanza ni ya barabara za milimani za majira ya baridi. Ya pili yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake huinuliwa na kuimarishwa kwa ajili ya mashimo na tope. Anayeamini ufyonzaji atalieleza gari la Safari na kushindwa kulieleza la Monte Carlo. Anayeamini utulizaji anayaeleza yote mawili.

Jina ninalolitetea ni kitulizi. Mzizi wake ni tua, kitenzi cha anayeshusha mzigo, cha ndege inayogusa ardhi, cha jua la jioni. Kutokana na tua tukapata tulia, yaani kufikia hali ya aliyekwisha kutua, na kutokana na tulia tukapata tuliza, kumfanya mwingine aifikie hali hiyo. Ukoo mzima wa neno unahusu uzito na ardhi, kama vile babu zetu waliliweka akiba wakingojea gari lije. Fyonza, kwa upande wake, ni kazi ya nyuki kwenye ua. Kinachofyonzwa huingia ndani na kukaa, na kifaa chetu hakibaki na kitu, joto lake lote hulitoa nje. Waliotupa fyonza walitafsiri jina la Kiingereza bila kufungua kifaa, wakati Waingereza wenyewe, wahandisi wao wa magari ya mashindano, siku hizi wanapendelea kusema dampa. Wafaransa hawakuwahi kuingia mtego huo, maana jina lao linahusu kufifisha. Yaelekea wajumbe wetu waliifungua kamusi ya lugha moja tu, posho ikaliwa, kikao kikafungwa. (Ni watu walewale, nadhani, walioiacha kamani, neno letu la springi lenye asili ya upinde wa Kiajemi. Hilo lina siku yake.)

Wapo wanaosema tuliza ni ya maumivu na watoto wanaolia. Sawa kabisa: dawa ya kutuliza haiondoi jeraha, inashughulika na kile jeraha linachokiacha mwilini. Wapo pia wanaotaka kitulizo, kwa hoja kwamba vifaa huishia na -o kama kizibo na kifuniko. Kitulizo tayari ni faraja, na kizibo hukaa tu, hakitendi. Hiki kinatenda, ndiyo maana kinastahili kiishio cha kiongozi. Wanaosema shokapu inatosha nawaheshimu kuliko wote, nao waendelee nayo gereji. Ila shokapu haina kitenzi, na mwanafunzi wa ufundi anahitaji kitenzi ili aelezwe cha kufanya.

Matumizi yenyewe ni mafupi. Kwa mbio za lami, kaza vitulizi na funga tairi laini. Kwa baridi chini ya nyuzi 7, funga tairi ambalo mpira wake haugandi, ulegeze vitulizi. Kwa masika ya Ilemba, tairi la kashata kubwa, upepo upungue kidogo kwenye tope na urudishwe ukifika lami. Sasa mwanafunzi ataandikiwa “kaza kitulizi kwenye kurudi, kilegeze kwenye kubonyea,” naye ataelewa. Mwenzake wa kitabu kile kingine atasoma “ongeza ufyonzaji wa mshtuko wa kurudi,” aanze kuutafuta mshtuko ambao haupo.