Suala la Lugha katika Riwaya za Kisayansi, 1863–1998

Aghalabu mwalimu wa lugha akitajiwa riwaya za kisayansi, yaani zile hadithi za kubuni ambazo msingi wake ni jambo la kisayansi lisilotokea bado lakini linalofikirika, huzihesabu kuwa burudani ya vijana, akawaachia watu wa fizikia. Makala haya yanakusudia kuwashauri wasomaji wa jarida hili wasizipuuze. Tumechagua chache tu, zile ambazo tungempa mwenzetu wa idara bila kusita, na tumezifuata kwa mpangilio wa historia, kwa kuwa mpangilio huo unadhihirisha jambo moja: lugha, ambayo mwanzoni mwandishi hakuishughulikia hata kidogo, iliishia kuwa nguzo ya kisa chenyewe. Kila hatua ya safari hiyo yazua swali ambalo sisi tunaokishughulikia Kiswahili tunaweza kulijibu kwa namna ambayo waandishi wenyewe hawakuweza.

Safari yenyewe, kwa bahati, yaanzia pwani yetu. Mwaka 1863 Jules Verne alichapisha mjini Paris riwaya ya Cinq semaines en ballon, yaani wiki tano katika puto. Daktari Samuel Fergusson na wenzake wawili wanaondoka Zanzibar mwezi Aprili 1862, wanapita juu ya bara lote na kutokea Senegal. Verne hakuwa amefika huku. Alitegemea taarifa za wasafiri kama Burton na Speke. Jinsi gesi ya puto inavyopashwa moto ili lipande, na inavyopozwa ili lishuke, imeelezwa kwa urefu na kwa uangalifu. Lakini puto linapotua Kazeh, yaani Tabora, na watu wakadhani ni mwezi ulioshuka kutoka mbinguni, daktari anajaribu maneno machache ya Kiarabu kwa kubahatisha, anajibiwa papo hapo, na suala la lugha limekwisha. Ikumbukwe kwamba sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilikuwa imekwisha kuchapwa Tübingen mwaka 1850. Mwandishi aliyepima uzito wa kila kitu kilichomo kikapuni mwa puto hakuona haja ya kuuliza wapagazi wa njia ya Kazeh walisemaje wao kwa wao.

Baada ya Verne alikuja H. G. Wells, na kwake lugha yatajwa, ila yatajwa kwa dharau. Msafiri wa The Time Machine (1895) anafika mwaka 802,701 na kuwakuta Eloi, viumbe wazuri na dhaifu, ambao lugha yao anaiona kuwa nyepesi mno: majina ya vitu na vitenzi tu, na maneno ya dhana hakuna, au ni haba. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuipita sehemu hiyo bila kusita. Hukumu hiyo hutolewa na mgeni aliyekaa siku chache tu na wenyeji, na ndiyo hukumu ambayo lugha zetu zimepewa mara nyingi na wageni wa namna hiyo. Hata hivyo twampendekeza Wells, na hasa The War of the Worlds (1898), kwa sababu katika sura yake ya kwanza kabisa anawakumbusha Waingereza jinsi watu wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya, kabla ya kuwashushia Waingereza hao hao wavamizi kutoka Mirihi. Hapo alikuwa mwandishi mkubwa. Katika suala la lugha hakuwa.

Karel Čapek tutampitia upesi, ingawa tamthilia yake ya R.U.R. (1920) iliipa dunia neno roboti. Neno hilo alipendekezewa na nduguye Josef, na linatokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, yaani shokoa. Lau tungalitafsiri badala ya kukopa, pengine leo mtambo huo ungaliitwa mshokoa, na kila aliyeutaja angalikumbuka mkasa mzima. George Orwell naye wasomaji wetu wanamjua tangu Fortunatus Kawegere alipotafsiri Shamba la Wanyama (1967). Katika Nineteen Eighty-Four (1949) wasiache kusoma kiambatisho cha mwisho, ambamo sarufi ya lugha ya chama imeelezwa kama vile mwandishi anatunga kitabu cha shule. Wengi hukiruka. Mwanaisimu angefanya vyema aanze nacho.

Mabadiliko makubwa yalitoka nje ya fasihi. Edward Sapir na mwanafunzi wake Benjamin Lee Whorf, ambaye riziki yake aliipata katika kampuni ya bima ya moto, walikuwa wamefundisha kwamba lugha ya mtu huathiri namna anavyouona ulimwengu. Katika isimu nadharia hii imepingwa sana, na katika umbo lake kali ni wachache wanaoitetea. Lakini kwa mtunzi wa riwaya ilikuwa hazina, maana ilimpa ruhusa ya kuuliza: je, pakiwa na lugha isiyo na jambo fulani, msemaji wake atakuwa nani?

Samuel R. Delany, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1942, aliuliza hivyo katika Babel-17 (1966). Mshairi Rydra Wong, ambaye pia ni nahodha wa chombo cha angani, anapewa maandishi ambayo jeshi linayadhania kuwa ishara za siri, naye anatambua kwamba ni lugha kamili, lugha isiyo na nafsi ya kwanza. Yumo pia mtu asiyejua kusema mimi wala wewe. Kwa Kiingereza Delany anaondoa kiwakilishi, na mara sentensi inachechemea. Kwa Kiswahili kuondoa mimi si kitu, kwani nafsi imo ndani ya kitenzi. Mfasiri atafanyaje? Twaona njia moja ambayo lugha yetu imeiweka tayari, nayo ni hali ya hu-, isiyochukua kiambishi cha nafsi hata kimoja. Mtu anayesema hula, hulala, huua, bila kumtaja mtenda, anasema Kiswahili sahihi, na bado msikilizaji hajui ni nani aliyeua.

Ian Watson anatuhusu kwa karibu zaidi, maana kati ya 1965 na 1967 alifundisha fasihi katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, The Embedding (1973), imejengwa juu ya sarufi zalishi ya Chomsky. Mwanaisimu mmoja Uingereza analea watoto katika kitengo kilichofungwa, wakifunzwa lugha iliyopotoshwa, ambamo sentensi huingizwa ndani ya sentensi mpaka akili ishindwe kuifuata. Kabila moja la Amazon, ambalo nchi yake iko karibu kufunikwa na maji ya bwawa, linasema vivyo hivyo kwa msaada wa kilevi. Na kutoka angani wanakuja wageni ambao biashara yao ni kununua lugha. Kitabu ni kigumu, na wahusika wake hawana uhai mwingi. Twakipendekeza kwa ujasiri wake. Isitoshe, kinamfanya msomaji wa Kiswahili apime jambo ambalo Watson hakulipima. Tazama sentensi hii: Kitabu ambacho mwalimu ambaye mti ulimwangukia alikinunua kimepotea. Si sentensi nzuri, lakini yafahamika, kwa sababu u- wamrudisha msomaji kwenye mti, a- kwenye mwalimu, na ki- kwenye kitabu. Upatanisho wa ngeli unaishikilia sentensi mahali ambapo Kiingereza kingeiangusha. Watoto wale, lau wangalifunzwa kwa Kiswahili, pengine wangalistahimili zaidi.

Lakini tukilazimika kuchagua mwandishi mmoja tu, tutamchagua Ursula K. Le Guin (1929–2018), binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber aliyezichunguza lugha za wenyeji wa California. Katika The Left Hand of Darkness (1969) mjumbe Genly Ai anatumwa kwenye sayari ya Gethen, ambako mtu si mume wala si mke isipokuwa kwa siku chache kila mwezi, na hapo aweza kuwa huyu au yule. Hata mfalme hushika mimba. Le Guin aliwaita watu hao wote kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza. Alilaumiwa sana. Mwaka 1976 alijitetea katika insha, na mwongo mmoja baadaye akairudia insha hiyo na kukubali kwamba walaumu walikuwa na hoja. Hadithi yake fupi ya sayari hiyo hiyo, Winter's King, alipoitoa upya mwaka 1975 aliigeuza akatumia kiwakilishi cha kike.

Mswahili hucheka kidogo asomapo mgogoro huu. Alikuja, akaketi, akanena: ni nani, mume au mke? Lugha haisemi wala haioni haja. Wapo watakaodai basi kwamba Kiswahili kimekwisha kulitatua tatizo la Le Guin. Hatukubaliani nao. Jinsi ambayo haimo katika kiwakilishi imejificha kwingine. Imo katika majina ya ukoo: hapa kuna shangazi na mjomba, shemeji na wifi, na Gethen hakuna hata mmoja wao. Imo, kwa ukali zaidi, katika kauli ya kitenzi, maana kwa mazoea yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mfasiri wa riwaya hii hataweza kutumia kuoa wala kuolewa. Atabaki na kuoana, na kila itumikapo msomaji atahisi kwamba kuna kitu kimekatwa. Tena atapoteza jambo moja la thamani, kwani kiwakilishi kile cha kiume humpumbaza msomaji wa Kiingereza kama kinavyompumbaza Genly Ai mwenyewe.

Riwaya ya pili ya Le Guin, The Dispossessed (1974), yaleta kazi ya kinyume. Watu wa Anarres wameikataa mali ya binafsi, na katika lugha yao ya kutungwa watoto hufunzwa kuepuka vimilikishi. Mama hutajwa kuwa mama tu, si wa fulani. Kiswahili hakina kitenzi halisi cha kumiliki, maana nina kitabu ni sawa na kusema niko pamoja na kitabu. Wananchi wa Anarres wangeipenda sana. Lakini twaambiana pia mamangu, babako, nduguye, mwenzangu, ambamo kimilikishi kimeungana na jina mpaka hakitengeki. Twamiliki watu kabla ya vitu.

Suzette Haden Elgin, aliyekuwa mwanaisimu wa kazi, alitunga katika Native Tongue (1984) lugha ya wanawake iitwayo Láadan, ambayo humlazimisha msemaji aonyeshe kama jambo ameliona, amelisikia au ameliota. Riwaya yenyewe ni hafifu kuliko lugha iliyomo. Mpoland Stanisław Lem, katika Głos Pana (1968), aliwaonyesha wataalamu wakishindwa kabisa kuufasiri ujumbe kutoka angani, na tungependa kila mhadhiri akisome kitabu hicho kabla ya kuhudhuria kongamano.

Riwaya za Kiswahili zilizovuka mipaka ya uhalisia, kama Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Wamitila, zimevuka kwa njia ya ndoto, visasili na mizimu zaidi kuliko kwa njia ya sayansi. Hilo si kasoro. Ila lamaanisha kwamba mfasiri wa vitabu tulivyovitaja hatakuta njia iliyokwisha kulimwa.

Atakapofika kwa Ted Chiang ndipo atakapojua ugumu wake. Katika Story of Your Life (1998), iliyotengenezewa filamu ya Arrival mwaka 2016, mwanaisimu Louise Banks anajifunza maandishi ya wageni wenye miguu saba, ambao huona yaliyopita na yajayo kwa mara moja. Kadiri anavyoyajua maandishi hayo ndivyo anavyoanza kuyakumbuka maisha ya binti yake, naye binti hajazaliwa. Njeo ya -ta- haitamsumbua mfasiri. Nakumbuka utakapokua ni Kiswahili, ingawa ni cha ajabu. Kitakachomsumbua ni -ka-. Kisa chetu husonga kwa -ka-: akaenda, akaona, akarudi, kila tendo likiwa limezaliwa na lile lililotangulia. Kwa viumbe wale hakuna lililotangulia. Itambidi mfasiri asimulie habari ya mama na mtoto, tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa, bila kuitumia -ka- hata mara moja.