Soksi, jibini na mbu wa Ifakara

Umelala, giza totoro. Mbu amekupataje? Sehemu ya jibu imetoka Bonde la Kilombero.

Mswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, na 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Huko Uholanzi nako, mwaka 1996, Bart Knols na mwenzake walionyesha kwamba mbu wa malaria anavutwa na jibini ya Limburger. Jibini hiyo inanuka kama soksi za juzi, maana bakteria wake ni ndugu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vyako vya miguu.

Basi Fredros Okumu na wenzake pale Ifakara wakachanganya harufu ya mtu bandia: amonia, asidi kadhaa na hewa ya ukaa. Matokeo yalitoka 2010. Mchanganyiko ukiwa kibanda kimoja na mtu kibanda kingine, ulivuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko mtu. Ushindi? Subiri. Walipowekwa kibanda kimoja, mtu alilingana nao au kuushinda kabisa.

Kwa mbali mbu hufuata harufu (pua yake ni vipapasio). Akikaribia, anahisi pia joto na unyevu wa ngozi, na macho nayo yanamsaidia. Kwa hiyo mtego wa harufu ukiutundika kando ya kitanda, umewaalika wageni ambao wakishafika watakuchagua wewe. Utundike nje, mbali na nyumba, na chandarua usikikunje.