Tiba ya kumkubali mtu mzima mwenye usonji jinsi alivyo

USONJI hauishi mtu anapovuka umri wa utoto. Jambo hili lilichelewa mno kuzingatiwa katika taaluma ya tiba, na kwa miongo mingi mtu mzima mwenye hali hii alipotafuta ushauri nasaha alihudumiwa kwa mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya watoto, au kwa ajili ya watu wasio na usonji kabisa. Tiba inayomkubali mtu jinsi alivyo ilizuka kama pingamizi dhidi ya mazoea hayo.

Asili ya mazoea yenyewe si vigumu kuiona. Mnamo 1943, daktari Leo Kanner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alichapisha makala kuhusu watoto 11 waliopenda upweke na kuchukia mabadiliko. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna, Austria, alieleza watoto wengine waliokuwa na sifa zinazokaribiana na hizo. Makala ya Asperger, iliyoandikwa kwa Kijerumani, haikujulikana sana kwingineko hadi 1981, wakati Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili nchini Uingereza, alipoifafanua kwa Kiingereza. Wote wawili, Kanner na Asperger, walichunguza watoto, na taswira ya mtoto ikaganda katika fikra za madaktari na umma.

Matibabu nayo yalifuata mkondo huo. Kuanzia miaka ya 1960, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas wa California aliwafunza watoto kwa kuwatuza walipofanya lililotakiwa na kuwaadhibu walipokosea. Adhabu hizo zilijumuisha makofi na, katika majaribio ya awali, mshtuko wa umeme. Mwaka wa 1987 alitangaza kwamba watoto tisa kati ya 19 waliopewa mafunzo hayo kwa kina walifikia kiwango cha kusoma katika darasa la kawaida. Kipimo cha ufanisi kilikuwa mtoto kutotofautishwa na wenzake. Hakuna aliyemuuliza mtoto gharama ya kutotofautishwa huko.

Swali hilo liliulizwa na watu wazima wenye usonji wenyewe. Mnamo 1993, Jim Sinclair, mwanaharakati Mmarekani mwenye usonji, aliwasihi wazazi waache kuwaombolezea watoto walio hai. Mwaka wa 1998, mwanasosholojia Judy Singer wa Australia aliandika kuhusu anuwai ya neva, yaani dhana kwamba akili za binadamu hutofautiana kiasili jinsi viumbe wanavyotofautiana msituni. Dhana hiyo leo inajumuisha pia watu wenye disleksia na wale wenye hali ya kukosa umakini na utulivu, ingawa makala haya yanajihusisha zaidi na usonji.

Gharama iliyotajwa ina jina miongoni mwa watafiti: kujificha. Mtu hujilazimisha kuwatazama wengine machoni, hukariri maneno ya kuanzisha mazungumzo, huzuia vidole vyake visichezecheze, hucheka wenzake wanapocheka. Jioni hurejea nyumbani akiwa hoi. Mwajiri humwona mfanyakazi asiye na tatizo lolote, na hata daktari huenda akadanganyika vivyo hivyo.

Takwimu zinatisha. Uchunguzi uliochapishwa 2014 katika jarida la The Lancet Psychiatry uliwahusu watu wazima 374 waliotambuliwa katika kliniki moja ya Uingereza kuwa na aina ya usonji iliyoitwa Asperger. Asilimia 66 kati yao walisema wamewahi kufikiria kujiua, na asilimia 35 walikuwa wamepanga au kujaribu kufanya hivyo. Utafiti mwingine wa 2018 ulibaini kuwa kujificha kulihusiana na hatari hiyo hata baada ya mfadhaiko na wasiwasi kuzingatiwa katika hesabu. Kwa hivyo, mshauri anayemfunza mteja kujificha kwa ustadi zaidi huenda akawa anauchochea moto alioitwa kuuzima.

Je, katika chumba cha ushauri hubadilika nini? Mwongozo uliotolewa 2012 na taasisi ya NICE, inayoelekeza huduma za afya nchini Uingereza, unapendekeza kwamba mazungumzo na mteja mwenye usonji yawe na mpangilio ulio wazi, yaambatane na maandishi na michoro, yawe na mapumziko ya mara kwa mara, na yatumie mambo anayoyapenda mteja. Mwongozo huo huo unawatahadharisha wahudumu dhidi ya sitiari na maneno yenye utata. Unakataza pia dawa za kuondoa madini mwilini, ambazo zimewahi kuuzwa kama tiba ya usonji.

Katazo la sitiari lingewatoa jasho washauri wengi wa hapa kwetu. Ushauri wa Kiswahili umejengwa juu ya methali na mafumbo. Mteja aliyelemewa na kazi akiambiwa kwamba mchumia juani hulia kivulini, huenda akabaki akijiuliza jua gani na kivuli kipi, kisha akaona haya kuuliza. Si kwamba hana akili ya kufumbua. Baadhi yao ni mahiri wa lugha kuliko mshauri. Ila aliyekuja kusema kwamba hapati usingizi anahitaji jibu linalohusu usingizi.

Vivyo hivyo swali la "unajisikiaje?" Watu wengi wenye usonji hupata ugumu kuzitaja hisia zao, na mshauri mwenye ujuzi huuliza badala yake kuhusu mwili: je, kifua kinabana? Mara ya mwisho ulikula lini? Mteja huruhusiwa kuandika badala ya kusema, kuketi kando badala ya kutazamana, na kuomba taa ipunguzwe mwanga. Kuhusu macho, vigezo vya kigeni vina kasoro nyingine hapa Kenya, kwani katika jamii kadhaa kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa wake husifiwa kwa adabu.

Mwaka wa 2012 pia, msomi Damian Milton wa Uingereza, ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana ni mzigo wa pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumwelewa mwenzake. Tiba hii inamtaka mshauri aubebe upande wake wa mzigo.

Wapo wanaoikosoa. Wazazi wa watu wazima wasioweza kuzungumza wala kujihudumia hulalamika kwamba harakati hizi zimetawaliwa na wenye uwezo wa kujieleza, na malalamiko hayo yana uzito. Aidha, ushahidi wa kisayansi kuhusu tiba yenyewe ungali mchanga. Hata hivyo, kumkubali mtu si kumtelekeza: mfadhaiko bado hutibiwa, wasiwasi hutibiwa, na anayehitaji dawa hupewa.

Nchini Kenya, Autism Society of Kenya iliasisiwa 2003 na wazazi, na huduma nyingi zilizofuata zimewalenga watoto. Sheria, kwa upande wake, haibagui umri. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu yeyote mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kisha Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hadi uamuzi huo ulipotolewa, mtu aliyemweleza mshauri wake kuhusu jaribio kama hilo alikuwa pia akikiri kosa la jinai.