Ukilalamika, unamlalamikia nani? Simu ya posta na somo la ukiritimba

Mitihani bado, ila kazi zimeshaanza kutubana. Kwenye mbinu za kufundisha Historia tumegawana mada, mimi nimeangukia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mada hii kila mtu anaifundisha vilevile: ndege, reli, bandari, kengele imelia. Simu hakuna anayeigusa. Mimi naona ukitaka neno "ukiritimba" limwingie mwanafunzi wa kwetu Kondoa, simu ndiyo pa kuanzia. Basi nimwage hapa kwanza kabla sijaandika andalio la somo.

Turudi nyuma kidogo. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikuwa na makao makuu Kampala. Jumuiya ilipokufa, Tanzania ikaunda la kwake, Shirika la Posta na Simu Tanzania (TPTC), lililoanza 1978. Barua lake, simu lake, telegramu lake, na akiba ya posta pia lake kwa miaka mingi. Hadi hapo unaweza kusema poa tu, nchi ilikuwa changa na mashirika mengi yalikuwa ya umma. Lakini angalieni jambo moja: huyohuyo aliyeuza huduma ndiye aliyesimamia soko lenyewe. Yaani mchezaji na refa ni mtu mmoja. Asiyeridhika alipeleka lalamiko lake kwenye dirisha lilelile lililomkera.

Katika miji ya wilaya kama wetu, simu ilikuwa kitu cha ofisi, misheni na wafanyabiashara wachache. Mwananchi wa kawaida alikwenda posta, akapanga foleni. Au alituma telegramu, ambayo inalipiwa kwa idadi ya maneno, kwa hiyo msiba mzima unabanwa kwenye maneno matano. Ikichelewa, mtu anafika nyumbani matanga yameshaanuliwa. Hiyo ndiyo gharama ya huduma mbovu, na haimo kwenye risiti yoyote.

Mwaka 1993 sheria ikabadilika. Shirika likagawanywa: posta ikaenda kwake, simu zikawa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL), ikaanza kazi Januari 1994. Ikaundwa na Tume ya Mawasiliano, ili refa awe mtu mwingine. Mwaka huohuo 1994 Mobitel ikaleta simu za mkononi, ingawa wakati ule zilikuwa za wenye nazo tu.

Halafu ikaja 2001. Serikali ikauza asilimia 35 ya TTCL kwa Detecon ya Ujerumani na MSI ya Uholanzi, kwa bei iliyotangazwa ya dola milioni 120. Pamoja na hisa, TTCL ikapewa haki ya pekee ya simu za mezani Tanzania Bara, na mlango wa simu za kimataifa pia ukabaki kwake, hadi Februari 2005. Hoja ilikuwa kwamba mwekezaji apewe nafasi ya kupumua ili asambaze laini. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4, na laini za mezani hazikufika hata 200,000. Piga hesabu mwenyewe.

Msidhani ni sisi tu. Majirani zetu Kenya waliyaona hayohayo kwenye intaneti. Mwaka 2000 watoa huduma wa Nairobi waliunganisha mitandao yao pamoja (KIXP), ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine isizunguke ng'ambo kwanza. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na Desemba 2000 mtambo ukazimwa. Ulifunguliwa tena Februari 2002. Huko lalamiko la mwenye ukiritimba lilisikika haraka kuliko la wateja wote. Jamani!

Sasa huku kwetu nini kilibadilisha mambo? Tukubaliane kwamba si huruma ya kampuni. Vodacom ilikuja 2000, Celtel 2001, na watu wakahama. Hawakuandika barua wala kuandamana, walinunua laini na vocha, wakajifunza kubipu, basi. Simu za mkononi zilivuka milioni moja hata kabla haki ya pekee ya mezani haijaisha. Kwa mteja, kuhama ndilo lalamiko linalosikika upesi kuliko yote.

Ila hapa ndipo naomba tusishangilie mapema. Kuhama kunahitaji pa kuhamia. Aliyepo Kondoa mjini ana mitandao ya kuchagua. Lakini nenda kijiji chochote chenye mnara mmoja tu: kwa mtu wa pale ukiritimba haukuisha 2005. Ruhusa ya kuhamisha namba yako kwenda mtandao mwingine, iliyoanza Machi 2017, haimsaidii kitu. Huyu anahitaji sheria. Ndiyo maana mimi naihesabu sheria ya 2006 iliyounda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kuwa tukio kubwa sawa na kufika kwa Vodacom. Pia sheria ya 2003 iliyoleta TCRA ilianzisha baraza la watumiaji wa huduma, ili mteja awe na pa kusemea.

Na hata wakiwa wengi sokoni, refa bado anatakiwa. Aprili 2021 vifurushi vilipopanda bei mitandao yote kwa mpigo, uhame uende wapi? Watu walipiga kelele, na serikali ikasitisha bei zile ndani ya siku moja.

TTCL yenyewe imezunguka ikarudi. Mwaka 2016 serikali ilinunua tena zile asilimia 35, safari hii kutoka Bharti Airtel, kwa shilingi bilioni 14.9, na 2018 ikawa shirika la umma. Wapo wanaosema tumerudi 1978. Mimi sikubali. Mwaka 1978 hakukuwa na mtandao mwingine wala refa wa pembeni.

Kwa hiyo ubaoni nitaandika maswali matatu tu: Nani anauza? Nani anaamua? Nikichoka, nahamia wapi? Mwanafunzi akiyashika, atayatumia kwenye maji, umeme, hata kwa mnunuzi wa ufuta anayekuja kijijini peke yake na mizani yake.

Nakimbilia semina ya saa nane. Kama una mzazi aliyewahi kutuma telegramu, muulize leo ilikuwaje. Tuko pamoja.